Zamu ya Mama wa Lengalenga

Ninafundisha namna ya kukadiria riba katika mji ambao benki zake zimefungwa. Nikisema hivyo mbele ya wageni hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hata mimi, siku ya kwanza niliporudi darasani baada ya milango ile kufungwa, nilijiona mjinga. Nilikuwa nimeandika "kiwango cha riba" ubaoni na kuchora mstari unaopanda taratibu, ndipo sauti ikatoka nyuma, ikiniita kwa cheo changu cha chuoni: "Asistanti, hiyo riba iko ya benki gani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi hasira zangu haziko mbali. Nikawaambia wachukue kalamu zao tutoke nje.

Tulishuka kwa miguu hadi mtaa wa Birere, watu zaidi ya ishirini, tukapita kwenye vibanda vya wale wanaotoa pesa za simu. Niliwaagiza waulize swali moja tu: ukiwa na dola mia kwenye simu, na unataka noti mkononi leo hii, wanakata ngapi? Kibanda cha kwanza walitaja bei yao, cha pili wakataja nyingine, cha tatu wakatufukuza wakidhani sisi ni watu wa kodi. Tuliporudi niliwaambia kwamba wameiona riba kwa macho yao. Pesa iliyo mkononi leo na pesa usiyoweza kuifikia si kitu kimoja, tofauti yao ina bei, na bei hiyo hupanda na kushuka pamoja na hofu ya watu. Tangu siku hiyo, kila mchana nilipita kwenye vibanda viwili vya kwanza nikaandika bei zao. Nikawa na mchoro wangu wa riba ya Goma, na niliuonea fahari kupita kiasi.

Lakini sehemu ya pili ya somo langu ndiyo iliyoniponza. Inaitwa hatari ya upande wa pili. Mmepatana na mtu, wewe umetimiza lako. Je, naye atatimiza lake? Unatazama alivyolipa siku zilizopita, unapima uwezekano wa yeye kushindwa, unaulinganisha na kiasi atakachokuwa anadaiwa siku hiyo. Na kuna jambo ambalo huwa nalikariri mpaka wanafunzi wananitangulia kulisema: wa kuogopwa kuliko wote ni yule anayeshindwa katika siku zilezile ambazo kila mtu ana shida. Katika vitabu, mifano ya jambo hilo ni mashirika makubwa ya ng'ambo. Mimi nilitaka mfano wa hapa kwetu, na mfano huo ulikuwa ukikaa kwenye viti vya saluni, sebule ya mama yangu, Jumapili moja kila majuma mawili.

Mama ni mtu wa Butembo, anauza maharagi, na ndiye mkubwa wa likelemba ya wanawake kumi. Wanakutana kwetu, mtaa wa Mapendo, baada ya misa. Kila mmoja anatoa dola ishirini, wote kumi wanatimiza mia mbili, na mmoja wao anaondoka na kapu lote. Jumapili nyingine ni zamu ya mwingine, hadi wote kumi wapate. Hakuna riba, hakuna karatasi ya kutia sahihi, kuna daftari tu ambalo mama anaandika nani ametoa. Aliyetoa siku yenyewe anaandikwa kwa kalamu ya buluu. Aliyeleta baadaye, Jumanne au Jumatano, anaandikwa kwa nyekundu.

Mtu akiitazama likelemba kwa macho yangu anaona ajabu. Anayepata kapu la kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila gharama, na anayepata la mwisho amewakopesha wote. Kwa hiyo swali la nani atangulie si swali dogo, hasa katika mji ambao noti mkononi zimekuwa ghali. Miaka yote mama alipanga zamu kwa kusikiliza: huyu binti yake anaolewa, huyu paa lake limeoza, basi watangulie. Nilikuwa nikimtania kwamba anagawa mikopo kwa kufuata machozi. Alikuwa anacheka na kuendelea kuchagua mawe kwenye maharagi.

Kisha mwanachama mmoja akachukua kapu la kwanza, akavuka mpaka na watoto wake, hakurudi tena. Mimi simlaumu, majuma yale wengi walivuka bila kuaga. Lakini wanawake waliobaki walilipa hasara ile hadi mwisho wa mzunguko, na walipomrudisha mwenzao wa zamani kuwa wa kumi na kutaka kuanza upya, walikuwa na woga ambao sikuwahi kuuona kwao. Mama wa mawese, ambaye ukoo wake ni Waislamu wa Maniema na ambaye huja kwetu Jumapili amejitanda mtandio wake wa kijani akisubiri wenzake watoke misani, ndiye aliyetoa wazo.

"Tuko na mutoto wa hesabu humu ndani," alisema. "Juu ya nini tunaogopa? Atupimie."

Wote wakageuka kunitazama. Lazima nikiri kwamba nilifurahi. Nimesoma miaka mingi kwa pesa za maharagi, na kwa mara ya kwanza wanawake hawa walionifunga nepi walikuwa wananiomba kitu nilichosomea.

Mama akanikabidhi madaftari ya miaka mitatu, yamefungwa kwa kitambaa. Nilifanya kazi juma zima. Nilihesabu kila Jumapili, kila jina, kila wino mwekundu. Nikaandika pembeni hali ya mji kwa kila tarehe, maana nilikumbuka vizuri majuma ambayo barabara ilifungwa, majuma ya milio ya risasi, juma ambalo benki zilifunga. Kisha nikampa kila mwanamke alama yake na kupanga zamu: wenye hatari ndogo watangulie, mwenye hatari kubwa awe wa mwisho, ili hata akishindwa asiwe na deni la mtu.

Aliyetoka wa kwanza kwa usalama alikuwa mama yangu. Hakuwa na wino mwekundu hata mara moja. Nilicheka peke yangu, nikaona hesabu nayo inamjua.

Wa mwisho alikuwa mama wa lengalenga.

Huyu aliingia likelemba miaka mitatu kabla. Alitoka upande wa Rutshuru, akafika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na watoto wanne na godoro moja, akaanza kupanga mafungu ya mboga za lengalenga pembeni ya magunia ya mama sokoni. Mama alimpenda kwa kuwa hakuwa mlalamishi, akamwingiza kwenye kundi. Kambi ya Kanyaruchinya ilipobomolewa hakuwa na pa kurudi, akahamia Keshero kwa wifi yake, ambaye alimpa jiko la nje alale humo na watoto. Alikuwa amepata nyumba ya mbao ya vyumba viwili hukohuko Keshero. Mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi sita ndipo ampe ufunguo, dola mia moja na themanini, na akakubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi. Wote tulijua habari hiyo. Mama alikuwa ameshamwahidi kapu la kwanza.

Lakini madaftari yalisema amechelewa mara kumi na nne. Na si hivyo tu. Karibu mara zote alichelewa katika majuma mabaya, yale ya barabara kufungwa na milio. Nilipoona hivyo nilipiga meza kwa furaha, Mungu anisamehe. Ndiye yule wa kwenye somo langu, anayeanguka siku ambayo kila mtu ana shida. Nikamwongezea alama za hatari juu ya zile alizokuwa nazo.

Jumapili ilipofika nilivaa vizuri, nikasimama mbele ya saluni na karatasi yangu. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi, nikaacha maneno ya chuo. Kisha nikasoma orodha kuanzia mama yangu, nikashuka jina kwa jina. Nilipofika la kumi nilimtazama mama wa lengalenga, maana niliona ni heshima kumtazama. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, polepole, kuzunguka chumba chote, na kila aliyetazamwa aliinamisha macho au akarekebisha kitenge chake.

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nikadhani ukimya ule ni kukubali.

"Sawa," akasema hatimaye. "Kama hesabu imesema."

Akatoa ishirini yake, ikaandikwa kwa wino wa buluu, akaondoka kabla ya chai. Mama alipokea kapu. Nilimwona ameshika zile noti kwa mikono miwili bila kuzifunga kwenye kitenge kama wanavyofanya siku zote, nikafikiri amechoka.

Siku tisa baadaye niliwapelekea wanafunzi mfano wangu. Nilikuwa nimeondoa majina na kuweka herufi tu, kuanzia A mpaka J, na kando ya kila herufi biashara yake. Nilieleza kwa mbwembwe nyingi jinsi J, muuza mboga, anavyoanguka majuma mabaya. Katika darasa lile kuna mwanafunzi mmoja mtu mzima, baba wa watoto, ambaye kabla ya kuanza chuo aliendesha Fuso kati ya Butembo na Goma. Si mtu wa kuuliza maswali. Siku hiyo akainua mkono.

"Asistanti, huyu C wa viazi. Viazi vyake vinatoka wapi?"

"Upande wa Lubero."

"Basi hii juma hapa," akaja ubaoni mwenyewe, akaweka kidole, "barabara ilikuwa imefungwa. Mie nililala njiani siku kumi na moya na gari. Hakuna kiazi iliingia Goma. Huyu mama alilipa na nini?"

Nilimjibu kwamba huenda alikuwa na akiba. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasogeza kidole kwenye tarehe nyingine. "Na hapa barabara ilikuwa muzuri, magari inapita. Hapa njo alichelewa. Mutu iko na akiba siku ya njaa, siku ya kushiba inamukosa?"

Nilitazama ubao wangu mwenyewe kama naona maandishi ya mtu mwingine. Alisema kweli. Ukimtoa mama, wale wengine walichelewa mara moja moja katika majuma ya amani, kama binadamu yeyote anavyochelewa kwa kusahau au kwa mgonjwa nyumbani. Katika majuma mabaya, wakati soko lilipokuwa karibu tupu na wengi hawakuuza, wote tisa walilipa siku yenyewe bila kukosa. Akachelewa mmoja, yuleyule. Haiwezekani. Watu kumi wanaoishi mji mmoja na kuuza soko moja hawawezi kupigwa na shida ileile na kumwangusha mmoja peke yake, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimeisoma safu ya J tu, na sikujiuliza swali lolote juu ya safu nyingine.

Nilimaliza somo mapema. Nyumbani nilimkuta mama uani na sinia la maharagi. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, yale majuma ya barabara kufungwa, ulitoa wapi dola ishirini?"

Mikono yake ikasimama. Kuku akaja kudonoa punje pembeni ya sinia, naye hakumfukuza.

"Mama wa lengalenga alinifunika," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyojua, mimi niliyekulia katika nyumba ya likelemba. Mwanamke akikwama, Jumamosi anamtafuta mwenzake mmoja anayemwamini, anamwambia shida yake faraghani. Yule mwenzake anampa noti yake ya ishirini kimya kimya, na kesho yake aliyekwama anaitoa mbele ya wote kama yake na kuandikwa kwa buluu. Aliyetoa noti anabaki mikono mitupu. Anahangaika siku mbili tatu, analeta ya kwake Jumanne, anaandikwa kwa nyekundu. Deni lenyewe hulipwa baadaye, polepole. Aliyefunikwa hasemi, na aliyefunika hasemi, hata kwa mkubwa wa kundi. Aibu ya mtu ndiyo inayofunikwa, kwa hiyo ukiitaja umeifunua.

"Mara ngapi, mama?"

"Mara tatu. Mbili juu ya minervali yako." Alisema akitazama sinia. "Wangekufukuza kwenye mutihani."

Kumbe karo yangu ya chuo haikutoka kwenye maharagi peke yake. "Na siku nilisoma ile karatasi, juu ya nini haukusema?"

"Nilizania ni mie peke yangu!" Sauti yake ilipanda, nayo si kawaida yake. "Nilizania hizo zingine ni zake mwenyewe. Na nikisimama, niseme nini? Mie, mukubwa wa bamama, nilikuwa nafunikwa na mutu wa kambi? Na weye umesimama pale, bote banakuangalia. Mutoto wangu. Ningekuvunja mbele ya batu."

Kisha akalia, akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akarudia kuchagua mawe kwa haraka kana kwamba maharagi yale yanasubiriwa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Kati yetu wawili, yeye alikosea kwa kunipenda, mimi nilikosea kwa kujipenda. Nilikaa naye tukachagua lile sinia hadi mwisho.

Kesho yake mchana nilikwenda Keshero. Nilimkuta mama wa lengalenga nje ya lile jiko, anaosha masufuria ya wifi yake. Alinipa ndoo iliyogeuzwa nikae. Kwanza niliuliza habari ya nyumba, nikitumaini kwamba, ingawa mwezi umeisha, mwenye nyumba bado anamngojea.

"Jumamosi iliyopita alipatia motari moya, mutu wa pikipiki," akasema. "Alikuja na garanti yote mukononi. Mwenye nyumba hana makosa. Alikuwa ameningoja."

Nilimwambia kwamba nimejua. Sikumtaja mama. Nilimwambia hesabu yangu ilikuwa mbaya, kwamba niliona wino nisione mkono, kwamba yeye ndiye aliyewabeba wote na mimi nikamwita mzigo. Nilikuwa nimepanga maneno hayo njia nzima. Aliyasikiliza huku anasugua sufuria kwa mchanga, na nilipomaliza hakulainika hata kidogo.

"Asistanti, usifikiri mie ni mutakatifu," akasema. "Mie pia nilikuwa nahesabu. Kwetu nilikuwa na shamba. Mutu akiwa na shamba, batu banamukopesha, banajua haendi popote. Huku siko na kitu. Nikasema, basi, hawa bamama njo shamba yangu. Kila mara nafunika mutu, naona nimepanda. Nikasema, siku yangu ikifika, hata karatasi gani itoke, batasimama."

Aliweka sufuria chini.

"Ulipomaliza kusoma nilitazama kila mutu. Nilikuwa nimefunika saba. Saba, asistanti. Nilingoja mutu moya aseme. Hata moya. Batoto banalala hapa," akaonyesha mlango wa jiko kwa kidole chenye mchanga, "na moshi. Weye ulikosea juu haukujua. Bale banajua."

Mimi ndiye mwenye shahada ya hatari ya upande wa pili, na mwanamke huyu alikuwa anaieleza vizuri kuliko mimi. Alikuwa na wadaiwa saba, aliwachunguza vizuri, aliwapa kidogo kidogo ili asiumie kwa mmoja. Hakuhesabu kwamba wote saba wanaweza kushindwa siku moja, chumba kimoja, kwa sababu moja. Aibu iliwakamata pamoja. Nami ndiye niliyeileta aibu hiyo, nimevaa vizuri, na karatasi mkononi.

Nilimwomba aje Jumapili. Hakuahidi.

Jumapili alikuja, akakaa karibu na mlango kama siku ile. Zamu ilikuwa ya mama wa mawese, aliyekuwa wa pili kwenye orodha yangu. Wote kumi walitoa, noti zikakusanywa kwenye sahani. Kabla mama hajamsogezea sahani, nilisimama. Sikuwa na karatasi. Nilisema kwamba orodha niliyowasomea ilikuwa na kosa, na kosa ni langu, na kwamba siwezi kueleza kosa lenyewe kwa sababu si mali yangu kulieleza. Nikasema tu kwamba aliyewekwa wa kumi alistahili kuwa wa kwanza.

Waliinamisha macho kama siku ile. Nilisikia pikipiki inapita barabarani, nikawaza, basi, wanashindwa mara ya pili.

Ndipo mama akasimama. Alishika ukingo wa meza.

"Mie alinifunika mara tatu," akasema.

Alisema hivyo tu. Mama wa viazi akainua kichwa ghafla, akamtazama kwa mshangao, nadhani kwa sababu hadi dakika ile naye alijiona yuko peke yake. "Na mie," akasema. "Ile ya barabara. Na ingine." Mwingine akasema na mie, akiwa amefunika mdomo. Mama wa mawese aliwasikiliza, kisha akavuta mtandio wake mabegani, akachukua ile sahani iliyokuwa ya zamu yake, akavuka chumba na kuiweka kwenye mapaja ya mama wa lengalenga.

"Mie mara mbili," akasema. "Unisamehe, mama."

Watano walisema. Wawili hawakusema, na sijawahi kumwuliza mtu ni nani. Nililia wazi wazi mbele yao, bila kujificha, na mama hakunizuia.

Nilitegemea tutakumbatiana. Wanawake wawili walikuwa wameshasimama wakielekea mlangoni alipokaa, mikono imefunguliwa. Lakini mama wa lengalenga hakuinuka. Kwetu kapu la likelemba halihesabiwi mbele ya wenzako. Unalifunga kwenye kitenge kama lilivyo, unashukuru, unakwenda kuhesabu chumbani kwako. Ni adabu ambayo hata watoto wanaijua. Yeye aliweka sahani sawasawa mapajani, akazitoa noti, akaanza kuzihesabu moja moja kwa sauti ya chini. Alifika ya sita, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaona imechanika pembeni, noti ambayo hapa hakuna anayeipokea, akanyoosha mkono kumrudishia mama.

Wale wawili walirudi wakakaa. Mama aliipokea ile noti, akafungua mkoba wake mwenyewe, akatafuta iliyo nzima, akampa. Naye akaendelea kuhesabu, saba, nane, tisa, kumi, na sisi wote tukangoja amalize.